Grainda mkononi, ethi iko wapi?

Kuna kijiti ninachokiona kila mahali. Nakiona Mwamanyili, Nyashimo na Lamadi wilayani Busega, nakiona Bariadi mjini, na hata Mwanza hakikosekani. Mara ni kipande cha ufito, mara mfuniko wa kalamu, mara msumari uliozungushiwa utepe. Kimechomekwa kwenye tundu la juu la soketi ya ukutani ili matundu mawili ya chini yafunguke na kupokea plagi ya pini mbili. Grainda inanguruma, cheche zinaruka, geti linakamilika, mteja analipa na kuondoka. Kijiti kinabaki pale pale hadi kesho.

Tundu hilo la juu ndilo tundu la ethi, yaani la waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Soketi zetu tumezirithi kwa Waingereza, ambao plagi yao ya pini tatu waliitungia kiwango, BS 1363, mwaka 1947. Pini ya ethi waliifanya ndefu kuliko wenzake ili iunganike ya kwanza na ikatike ya mwisho, tena iwe ndiyo ufunguo wa matundu yenye umeme. Aliyeunda soketi ile alikusudia kwamba ethi isipokuwepo, umeme nao usipite. Kijiti kimelifuta sharti hilo kwa sekunde moja.

Msimamo wangu nauweka mapema. Si kila mashine ya mkononi inahitaji waya wa ethi, na kijana anayekuambia, "Mzee, drili hii ni plastiki, ethi haiihusu," mara nyingi anasema kweli. Tatizo ni kwamba ukweli huo mdogo tumeugeuza ruhusa ya kuidharau ethi kabisa, hata kwa mashine zisizoweza kuishi bila hiyo. Na hata pale waya wa ethi unapokuwepo, fito moja ya ethi iliyopigwa kwenye udongo wa Simiyu haitoshi kumwokoa mtu. Kinachotakiwa katika kila karakana na kila nyumba yenye drili, grainda, randa au msumeno wa umeme ni RCD, kile kifaa cha kwenye ubao wa umeme kinachokata mara tu umeme unapoanza kuvuja. Kifaa hicho tumekiacha kiwe cha hoteli na ofisi za wakubwa, na hapo ndipo ninapogomba.

Kiganja hakiachii

Kwa nini nianze na mashine za mkononi wakati nyumbani kuna friji, pasi na jiko la umeme? Friji ikivuja, mtu huigusa kwa ncha za vidole, hushtuka, mkono ukaruka. Mshtuko unauma lakini unaisha. Drili haiguswi namna hiyo. Inashikwa kwa kiganja kizima, kimelowa jasho, vidole vimeizunguka. Umeme ukipita kwenye msuli, msuli hukaza. Mkono uliokuwa umeishika mashine kwa hiari sasa umeing'ang'ania bila hiari, na kadiri jasho linavyozidi ndivyo umeme unavyopata njia pana zaidi.

Aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kulipima jambo hili ni Charles Dalziel, mhandisi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Alitafuta ni kiasi gani cha umeme kinachomzuia mtu kuachia kitu alichokishika. Aliona kuwa karibu wanaume wote bado wanaweza kuachia kwenye miliampea 9, na wanawake kwenye miliampea 6. Ukipanda juu ya hapo, watu wanaanza kunasa mmoja baada ya mwingine.

Sasa ipime nyumba yako. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Mwili wa mtu aliyelowa jasho, kutoka mkono hadi mguu, hauna kizuizi kikubwa. Ukikadiria omu 1,000, mtu huyo anapitishiwa miliampea 230. Fyuzi ya plagi imeandikwa ampea 13, yaani miliampea 13,000. Breka ya soketi mara nyingi ni ampea 20. Vyote viwili vimewekwa kuulinda waya usiungue. Mtu anaweza kufia palepale, grainda ikiwa mkononi, na hakuna breka itakayoruka wala fyuzi itakayokatika. Ni watu wangapi wanaoamini kwamba "breka ipo" maana yake wako salama?

Mraba ndani ya mraba

Tumtendee haki kijana wa drili ya plastiki. Igeuze mashine yake uangalie kibandiko. Ukikuta mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mashine hiyo ni ya daraja la pili: imezuiliwa umeme mara mbili. Kampuni ya C. & E. Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ilipotengeneza drili ya kwanza ya umeme ya kushika mkononi mwaka 1895, hakukuwa na kinga ya namna hiyo. Bodi za mashine ziliendelea kuwa za chuma kwa miongo mingi, na waya wa ndani ukichubuka, bodi nzima iligeuka kuwa waya. Plastiki ngumu zilipokuja, watengenezaji waliongeza ukuta wa pili. Waya una ganda lake, mota imetengwa na shafti yake kwa tabaka lisilopitisha umeme, kisha ganda la nje nalo ni plastiki. Ni kama zizi lenye boma la ndani na la nje: fisi akipenya la kwanza, la pili linamngoja.

Mashine ya namna hiyo hutoka kiwandani na waya wa nyuzi mbili, na haina mahali pa kufunga ethi. Usiiongezee. Nimeona mafundi wakifungua grainda na kuunganisha waya wa kijani kwenye kichwa chake cha chuma wakidhani wanaongeza usalama. Kufanya hivyo ni kutoboa boma la nje kwa makusudi, na nitaeleza hapa chini kwa nini waya huo unaweza kuleta mauti kutoka chumba cha pili.

Lakini alama ya mraba ni ahadi ya mashine ilivyotoka kiwandani. Grainda inavuta hewa ili kupooza mota, na ikikata chuma siku nzima, hewa hiyo imejaa vumbi la chuma. Vumbi linatua ndani, linachanganyika na unga wa kaboni zinazolika, mwishowe linajenga daraja kati ya umeme na chuma cha nje. Mvua nayo haiheshimu kuta mbili, kwani maji hupita kwenye matundu yale yale ya hewa. Halafu kuna jambo ambalo sijalisikia likisemwa hadharani: amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ikiungua, tunaipeleka kusukwa upya. Msukaji hodari atairudishia nguvu yake yote. Je, aliirudishia na lile tabaka linaloitenga shafti na nyaya? Kama hakulirudisha, alama ya mraba kwenye kibandiko sasa inasema uongo, na mwenye mashine hajui.

Upande wa pili ziko mashine za daraja la kwanza, zenye bodi ya chuma. Humo zimo drili kubwa za zamani za mtumba kutoka Ulaya, grainda za mezani, mashine za kukatia nondo, na zile mashine za kuchomelea zinazotengenezwa hapa hapa kwa kasha la bati. Hizi bila ethi ni hatari, sina neno laini la kuweka hapo. Na hapa kijiti kinafanya uovu wake mkubwa kabisa. Plagi nyingi za Ujerumani na nchi jirani zake zina pini mbili nene, lakini ethi imo: iko kwenye vibati vya ubavuni, vinavyogusana na soketi ya kwao. Ukiilazimisha plagi hiyo kwenye soketi yetu kwa msaada wa kijiti, umeme unaingia na ethi inabaki inaning'inia hewani. Mashine ilikuja na kinga yake kutoka ng'ambo, ikaipoteza kwenye ukuta wetu. Mnunuzi akiona pini mbili anasema hii haina ethi, wala haihitaji. Atazame kibandiko, asihesabu pini.

Luseni na mbuga

Tuseme sasa fundi amefanya kila kitu sawasawa. Plagi ni ya pini tatu, waya ni wa nyuzi tatu, na kando ya nyumba kuna fito yenye ganda la shaba iliyopigwa ardhini. Je, yuko salama?

Jibu liko kwenye udongo, na udongo wa Usukuma wenyeji wanaujua kuliko mtaalamu yeyote. Kuna luseni, ule mchanga wa kuzunguka vilima vya mawe, unaokauka haraka. Kuna mbuga, ule udongo mweusi mzito unaonasa magari wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Mkulima wa pamba anajua kila mmoja unataka nini. Umeme nao una matakwa yake. Mbuga iliyolowa hupitisha umeme vizuri. Luseni iliyokauka huukataa. Hata mbuga yenyewe, ifikapo mwisho wa kiangazi, hunywea na kuachana na fito, pakabaki pengo la hewa. Fito ile ile iliyokuwa nzuri mwezi wa Aprili inaweza kuwa karibu bure mwezi wa Septemba.

Hesabu yake si ngumu. Chukua drili ya chuma iliyovuja, umeme ukapita kwenye waya wa ethi, ukaingia ardhini, ukarudi hadi transfoma kwa njia ya udongo. Tuseme njia hiyo yote ina kizuizi cha omu 50, jambo ambalo kwa fito moja halishangazi. Gawa volti 230 kwa 50: unapata ampea 4.6. Breka ya ampea 20 itaona hiyo ni pasi inapigwa nguo, itakaa kimya. Na kwa kuwa kizuizi kikubwa kipo kwenye fito ya nyumbani, bodi ya drili itabaki na karibu volti zote. Ethi ipo, imefungwa kihalali, na mtu bado anapigwa.

Kwa hiyo nasema swali la "drili inahitaji ethi au haihitaji?" tunaliuliza nusu. Nusu ya pili ni hii: ethi ikishapokea umeme uliovuja, nani anauzima? Kwa udongo wetu breka haiwezi. RCD inaweza. Kazi yake ni kulinganisha umeme unaotoka kwenye laini na umeme unaorudi kwenye nyutro. Vikiwa sawa, inatulia. Ikiona pungufu la miliampea 30, inajua kuna umeme uliopata njia nyingine, kwenye udongo au kwenye mwili wa mtu, na inakata ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Uvujaji ukiwa mkubwa zaidi, inakata haraka zaidi ya hapo. Kwa kifaa hicho hata fito yenye omu mia kadhaa inafaa. Na kwa drili ya plastiki isiyo na ethi kabisa, iliyoingiwa na mvua, RCD itakata umeme ukianza kupita kwa mtu kwenda ardhini. Atashtuka, lakini atarudi nyumbani. Inachoshindwa ni pale mtu anaposhika laini na nyutro kwa pamoja, kwa sababu hapo umeme unaotoka ndio unaorudi. Haitibu uzembe wote.

Kinga hii si ngeni. Dalziel, yule wa Berkeley, ndiye aliyebuni kifaa cha Kimarekani cha aina hii mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Mwaka huo huo Black & Decker ilitoa drili ya kwanza ya betri, isiyohitaji ethi wala soketi inapokuwa kazini. Waingereza walichukua njia yao: kwenye maeneo ya ujenzi wanashusha umeme hadi volti 110 kwa transfoma maalumu, na kwa namna inavyosukwa, mtu aliyesimama chini hapati zaidi ya volti 55. Kila nchi ilikiri kwamba waya wa ethi peke yake haumtoshi mtu aliyeshika mashine kwenye tope.

Waya wa kuonyesha

Ningeweza kuishia kwenye udongo, lakini kuna maovu mengine yanayofanyika kabla hata ya kufika ardhini.

La kwanza ni ekstensheni. Dukani utaikuta ina matundu matatu kila mahali, inapendeza, bei nafuu. Ikate uone. Nyingine ndani zina nyuzi mbili tu. Tundu la tatu ni pambo. Mashine ya kuchomelea ikichomekwa hapo, plagi yake ya pini tatu imejibana vizuri kabisa kwenye ethi isiyokwenda popote.

La pili ni nyumba ambayo nyaya za ethi zimeungana soketi kwa soketi, zikaishia kwenye ubao wa umeme, na fito haikupigwa kabisa. Hii ni mbaya kuliko kukosa ethi. Birika la chumba cha jikoni likivuja, umeme unaingia kwenye waya wa kijani na kusambaa kwenye pini ya ethi ya kila soketi, hadi kwenye kasha la mashine ya kuchomelea kule uani. Aliyeshika mashine nzima, isiyo na hitilafu yoyote, anapigwa kwa kosa la birika ambalo hata hakulijua. Mashine ya plastiki iliyoongezewa waya wa kijani inaingia kwenye mtego huo huo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa nguo yenyewe ni waya tuliofungiwa kwa jina la usalama.

La tatu ni kuunga ethi na nyutro nyuma ya soketi ili fundi aonyeshe kwamba "ethi inasoma". Siku nyutro itakapokatika kwenye nguzo au kwenye mita, kila bodi ya chuma iliyochomekwa humo itakuwa na umeme. Fundi anayefanya hivi anajua anachoficha. Sina la kumtetea.

Kwa nini haya yanatokea? Kwa sababu umeme umefika vijijini kwa kasi kuliko ujuzi wa kuupokea. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, imefanya kazi ambayo wazazi wetu hawakuiota, na ada ya kuunganishiwa kijijini ya shilingi 27,000 iliwafungulia mlango wengi. Lakini ada hiyo inauleta umeme hadi kwenye mita. Kutoka kwenye mita kwenda ndani, familia inajitafutia fundi, na anayechaguliwa ni yule wa bei ndogo. Anapopunguza bei anapunguza wapi? Taa lazima iwake, maana mwenye nyumba ataijaribu. Soketi lazima ichaji simu. Ethi haionekani ikifanya kazi, kwa hiyo ndiyo inayokatwa.

"Ajali haina kinga"

Msiba wa mtu aliyenaswa na umeme una maneno yake. Watu wanakaa chini ya turubai, mzee mmoja anasema, "Ajali haina kinga," na wengine wanaitikia. Ninaheshimu faraja iliyomo. Lakini kwa kifo hiki, sikubali. Ajali hii ina kinga, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme Mwanza, ina kitufe kimeandikwa T cha kuijaribia, na inatosha kukibonyeza mara kwa mara kujua kama bado ni nzima.

Fikiria anayekufa ni nani. Fundi wa grainda ni kijana wa miaka ishirini na kitu, ndiye aliyenunua mbegu na dawa za pamba ya baba yake, ndiye anayelipa michango ya shule ya wadogo zake. Mkewe ana mtoto mgongoni. Angekuwa mwajiriwa rasmi, familia ingekuwa na pa kubisha hodi: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mwajiri, OSHA, yaani wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Yeye kajiajiri. Siku akianguka, kinachouzwa kwanza ni grainda yenyewe, kisha ng'ombe. Mdogo wake anayeacha shule kushika kazi ya kaka anaianza kwenye soketi ile ile.

Na mtu akinaswa mbele yako, usimshike. Zima meni swichi, au ng'oa plagi. Huwezi kuifikia? Msukume kwa ubao mkavu, ukiwa umesimama mahali pakavu. Wapo waliokufa wawili kwa sababu wa pili alipenda kuliko alivyojua.

Fedha zipo mahali

Najua neno litakalofuata: mafundi hawana fedha. Ni kweli, lakini karakana nyingi hazianzi kwa fedha za mfukoni. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuvikopesha vikundi, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana vikiomba, huandika mashine ya kuchomelea, grainda, drili. Mkopo unatoka, mashine zinanunuliwa, zinafikishwa kwenye fremu yenye soketi ya kijiti. Serikali imemkopesha kijana kila kitu isipokuwa kile kitakachomwezesha kuishi alipe mkopo.

Naomba Halmashauri ya Wilaya ya Busega ianze, na Mwamanyili pawe pa kwanza. Kila mkopo wa karakana uwe na mstari wa ziada kwenye orodha ya vifaa: RCD moja ya miliampea 30, fito mbili badala ya moja, ekstensheni ya nyuzi tatu iliyokaguliwa kwa kufunguliwa, na malipo ya siku moja ya fundi mwenye leseni ya EWURA atakayekuja na kipimo cha ethi, si testa ya mfukoni. Aandike alichokipata, abandike karatasi ukutani juu ya meni swichi, mwenye fremu na mpangaji wote waisaini. Na aje Septemba, luseni ikiwa imekauka na mbuga ina nyufa, maana namba atakayoisoma mwezi wa Aprili haitamfaa mtu atakayeshika grainda kiangazi.